Je, Wajua? Modemu, Waya wa Simu na Ufundi wa Kuitafuta Hitilafu

Kabla ya simu za mkononi kushika kila kitu, intaneti iliingia nyumbani kwa njia ya simu ya mezani. Kompyuta ilipiga namba, modemu ya mtoa huduma ikapokea, na katika nchi nyingi kila dakika ilihesabiwa kwenye bili. Wengi wanaikumbuka kwa mwendo wake wa kinyonga na tabia yake ya kukatika barua pepe ikiwa bado njiani. Hata hivyo, ilikuwa na fadhila moja ambayo vifaa vingi vya leo vimeipoteza: ilipogoma, ilimwonyesha mwenye nyumba ilipogomea. Aliyejua kusikiliza aliweza kuifuata hitilafu kutoka kwenye kompyuta hadi ukutani, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, na kutoka kwenye nguzo hadi kwa mtoa huduma.

Je, wajua kwamba makelele ya modemu yalikuwa mazungumzo yenye mpangilio?

Modemu mbili zilipokutana zilifanya kama wafanyabiashara wasiofahamiana: salamu kwanza, kisha kuulizana lugha, ndipo biashara ianze. Ulisikika mlio wa laini, zikafuata toni za namba inayopigwa. Modemu ya mbali ilipopokea ilitoa mlio mwembamba wa hezi 2,100. Katika modemu za miaka ya 1990, mlio huo uligeuzwa ghafla kila baada ya milisekunde 450. Kugeuzwa huko kulizima mitambo ya kampuni ya simu inayozuia mwangwi, kwa kuwa mitambo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya sauti za watu na ingevuruga data.

Baada ya hapo modemu zilibadilishana ujumbe mfupi kwa kasi ya biti 300 tu kwa sekunde, kila moja ikitaja viwango inavyovimudu. Zikaja toni nyingi kwa mpigo, kuanzia hezi 150 hadi 3,750, ili kupima waya unapitisha zipi na unameza zipi. Mwisho ukavuma ule mvumo mzito, kila modemu ikijirekebisha kulingana na waya uliopo. Mwaka 2012, Oona Räisänen wa Finland alichora mchoro unaoonyesha mazungumzo hayo hatua kwa hatua, na wengi ndipo walipojua walikuwa wakisikia nini miaka yote ile.

Kisha kimya. Kwa kawaida spika ya modemu ilijizima mara tu muunganisho ulipokamilika, kwa hiyo kimya kilikuwa habari njema. Mvumo uliorudiwa mara mbili tatu kabla ya kimya ulikuwa dalili ya waya wenye kelele: modemu zimeshindwa kuelewana kwa kasi kubwa, sasa zinajaribu iliyo ndogo zaidi.

Je, wajua kwamba namba ya kosa ilitaja mahali pa kosa?

Watumiaji wa Windows waliziogopa namba zilizotokea kwenye skrini, lakini kila moja ilikuwa na anwani yake. Namba 680 ilisema hakuna mlio wa laini, maana yake tatizo liko nyumbani au kwenye waya wa mtaani, na mtoa huduma hahusiki. Namba 676 ilisema laini ya upande wa pili inatumika. Namba 678 ilisema simu imepigwa lakini hakuna aliyejibu. Namba 691 ilikuwa na nafuu kuliko zote: waya ni mzima, modemu ni nzima, mtoa huduma amepokea, ila jina au nenosiri limekataliwa. Aliyepata 691 akaanza kufungua soketi za ukutani alijisumbua bure. Alitakiwa kwanza atazame kama herufi kubwa zimewashwa kwenye kibodi.

Je, wajua kwamba modemu iliweza kuukataa mlio wa simu ulio mzima kabisa?

Mtu aliinua simu, akasikia mlio, lakini modemu ikashikilia kwamba hakuna mlio. Sababu ya kwanza ilikuwa nyepesi: modemu nyingi zilikuwa na matundu mawili yanayofanana, moja la kwenda ukutani na jingine la kuchomekea simu. Waya ukiingia tundu lisilo lake, modemu haisikii kitu.

Sababu ya pili ilikuwa huduma ya kuhifadhi ujumbe wa sauti. Katika kampuni nyingi, kukiwa na ujumbe ambao haujasikilizwa, mlio wa laini huanza kwa kukatika-katika. Sikio la mtu hulizoea hilo, modemu haikuutambua. Dawa ilikuwa alama ya mkato mbele ya namba. Kila mkato uliiambia modemu isubiri, kwa kawaida sekunde 2, hadi mlio utulie.

Sababu ya tatu ilikuwa mipaka ya nchi. Amerika Kaskazini mlio wa laini ni mchanganyiko wa hezi 350 na 440. Uingereza ni 350 na 450. Nchi nyingi za Ulaya bara hutumia mlio mmoja wa takriban hezi 425. Modemu iliyonunuliwa nchi moja na kupelekwa nyingine iliweza kukaa ikisubiri mlio inaoujua, ambao usingekuja kamwe. Herufi moja na tarakimu moja, X3, zilipoongezwa kwenye maagizo yake ziliiamuru ipige namba bila kungoja mlio.

Je, wajua kwamba kuna wakati hitilafu haikuwa nyumbani kwa mtu yeyote?

Desemba 1996, kampuni ya America Online ya Marekani iliacha kutoza kwa saa na kuanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi, mtu atumie apendavyo. Watu hawakukata tena. Wengine waliacha kompyuta imeunganishwa mchana kutwa, wakijua wakitoka hawataweza kurudi. Kampuni ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 7, na modemu zake hazikutosha hata kidogo. Mamilioni ya nyumba zikawa zinasikia mlio wa laini inayotumika usiku baada ya usiku. Kesi zilifunguliwa, wanasheria wakuu wa majimbo wakaingilia kati, na Januari 1997 kampuni ikakubali kuwarudishia fedha wateja walioshindwa kuunganishwa. Hapo hakuna ambacho mteja angeweza kurekebisha kwake, isipokuwa kupiga alfajiri watu wakiwa wamelala au kutafuta namba nyingine ya mtoa huduma iliyo karibu.

Je, wajua kwamba modemu ya 56k haikufikisha 56?

Laini ya simu ilitengenezwa kwa ajili ya sauti, hivyo hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu. Ndani ya mtandao wa kampuni ya simu, sauti hiyo hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Modemu za 56k zilitumia nafasi hiyo kwa ujanja: mtoa huduma aliunganishwa kidijitali moja kwa moja na mtandao wa simu, hivyo ishara ikageuzwa mara moja tu, ilipokuwa ikiingia kwenye waya wa shaba wa mteja. Ikigeuzwa mara mbili, ujanja unakufa na kasi inarudi 33,600 au chini yake. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyepitisha modemu yake kwenye ubao mdogo wa simu za ofisini mara nyingi hakuiona kasi aliyoilipia.

Marekani, kanuni za kudhibiti nguvu ya ishara ziliweka kikomo cha 53,300. Tena kasi hiyo ilikuwa ya kushusha tu. Kupandisha katika kiwango cha V.90 hakukuvuka 33,600. Na mwaka 1997 kulikuwa na vita vya viwango: kundi moja lilitumia x2, jingine K56flex. Mteja wa kundi moja akimpigia mtoa huduma wa kundi la pili, modemu zote mbili mpya zilirudi kwenye kasi ya zamani. Kiwango cha pamoja, V.90, kilikuja mwaka 1998.

Kwa kasi ya kawaida ya biti 44,000 kwa sekunde, wimbo wa megabaiti 4 ulichukua kama dakika 12. Picha moja ya simu ya leo, ya megabaiti 3, ingechukua dakika 9.

Je, wajua kwamba uzio wa ng'ombe uliweza kukata intaneti?

Nchini New Zealand na Australia, wafugaji huzungushia mashamba yao uzio wa umeme unaopiga pigo fupi kila baada ya sekunde moja hivi. Pale waya wa uzio unapopita sambamba na waya wa simu kwa umbali mrefu, kila pigo huingia kwenye laini. Anayezungumza husikia tiki, tiki, tiki, na huendelea na maongezi yake. Modemu haivumilii: kila tiki inaharibu kifurushi cha data, kifurushi kinaombwa upya, kasi inaporomoka. Aliyeinua simu akasikia mlio huo wa kupigapiga alijua tatizo liko shambani, pengine kwa jirani: kihami kilichopasuka, majani yanayogusa waya, au fimbo ya ethi iliyochomekwa karibu mno na kebo ya simu.

Adui mwingine alifukiwa ardhini. Kwenye laini ndefu za vijijini kampuni za simu zilifunga koili ili sauti ifike ikiwa safi, huko Marekani kila baada ya futi 6,000, karibu kilomita 1.8. Koili hizo zilisaidia sauti lakini zilikata masafa ya juu, yale yale ambayo modemu ya 56k iliyahitaji.

Je, wajua kwamba soketi ya kupimia ilimaliza ubishi kwa dakika 5?

Ubishi uliozoeleka ni huu: mteja anasema laini mbovu, kampuni inasema nyaya zako za ndani mbovu. Uingereza, soketi kuu ya simu iliwekewa jibu ndani yake. Nusu ya chini ya kifuniko chake hufunguliwa kwa skrubu mbili. Ukiivuta, nyaya zote za ndani ya nyumba zinatengana na laini, na nyuma yake kuna tundu la kupimia lililoungwa moja kwa moja na waya unaotoka mtaani. Chomeka modemu hapo. Ikifanya kazi vizuri, hitilafu iko ndani ya nyumba, na ni yako. Ikiendelea kukatika, umeshajua wa kumpigia. Marekani kuna kisanduku cha kijivu nje ya ukuta wa nyumba chenye tundu la kazi hiyo hiyo.

Waingereza walikuwa pia na namba ya mafundi, 17070. Ukiipiga, sauti hukutajia namba ya laini uliyomo, kisha ukichagua 2 laini inanyamazishwa kabisa ili usikilize waya mtupu. Laini nzima haina sauti. Mkwaruzo humaanisha kiungo kilichoshika kutu au maji yaliyoingia kwenye kebo. Mvumo wa chini usiokoma mara nyingi hutoka kwenye umeme wa nyumba. Waliojua waliipiga siku kavu, wakairudia siku ya mvua. Kama mkwaruzo ulikuja na mvua, fundi alijua kabla hajapanda nguzo kwamba anatafuta mahali maji yanapoingilia.

Je, wajua kwamba simu ya shangazi iliweza kukutoa kwenye intaneti?

Huduma ya kuarifiwa kwamba kuna simu nyingine inaingia hutuma mlio mfupi katikati ya mazungumzo. Mlio huo uliikatiza ishara ya modemu, modemu ikadhani mwenzake ameondoka, ikakata. Marekani dawa ilikuwa kutanguliza *70 na mkato mbele ya namba ya mtoa huduma. Uingereza huduma ilizimwa kwa #43#. Wajuzi walirekebisha pia kumbukumbu ya modemu iitwayo S10, inayosema ivumilie muda gani baada ya kupoteza ishara. Thamani ya kawaida katika modemu nyingi ni 14, yaani sekunde 1.4. Ukiiongeza, modemu inavumilia mlio mfupi bila kukata.

Kiwango cha V.92 cha mwaka 2000 kilileta uwezo wa kuisimamisha intaneti kwa muda, simu ikapokelewa, kisha kazi ikaendelea. Kilifika nyumba nyingi zikiwa tayari zinahamia intaneti ya kasi.

Je, wajua kwamba alama tatu za kujumlisha ziliweza kukata simu?

Modemu ya Hayes Smartmodem ya mwaka 1981 ilikuja na lugha ya maagizo iliyoigwa na karibu kila mtengenezaji: herufi AT, kisha agizo. ATD ilipiga namba, ATA ilipokea, ATH ilikata. Ili kuirudisha modemu iliyo katikati ya mazungumzo isikilize maagizo, uliandika +++, ukiacha kimya cha sekunde moja kabla na baada. Kimya hicho ndicho kilichoitofautisha amri na maandishi ya kawaida, na Hayes walikuwa na hataza yake.

Baadhi ya watengenezaji waliikwepa hataza hiyo kwa kuondoa kimya. Matokeo yake, mwishoni mwa miaka ya 1990 wakorofi waligundua kwamba wakituma kifurushi chenye maneno +++ATH0, kompyuta ya mlengwa ingekirudisha kama ilivyo, na modemu yake mwenyewe ingeyasoma kama amri na kukata simu. Aliyekatwa alibadilisha waya na soketi bila mafanikio. Dawa ilikuwa kubadilisha thamani ya kumbukumbu iitwayo S2, ili alama ya kujumlisha isiwe tena amri.

Je, wajua kwamba modemu iliyonyamazishwa iliwahi kuwagharimu watu mamilioni ya dola?

Mwaka 1997, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizishtaki tovuti za picha za ngono zilizowataka wageni wapakue programu ya kutazamia. Programu hiyo ilizima spika ya modemu, ikakata simu ya mtoa huduma wa karibu, ikapiga upya namba ya Moldova, Ulaya ya Mashariki. Laini iliendelea kuwa wazi hata mtu alipoondoka kwenye tovuti. Wateja wapatao 38,000 walirudishiwa jumla ya dola milioni 2.74. Mafundi walitoa somo ambalo halijachakaa: usiinyamazishe spika ya modemu, kwa sababu ndiyo mlinzi wako.

Je, wajua kwamba kiziwi mmoja alitutangulia sote?

Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa California aliyekuwa kiziwi, mwaka 1964 alitengeneza kifaa kilichogeuza herufi za mashine ya kuchapa kuwa sauti na kuzipitisha kwenye mkono wa simu ya kawaida. Lengo lake lilikuwa viziwi waweze kupigiana simu. Wakati huo kampuni ya AT&T haikuruhusu mteja kuunga kifaa cha nje kwenye laini yake, kwa hiyo mkono wa simu ulilazwa juu ya vikombe viwili vya mpira bila waya kugusana. Mwaka 1968 uamuzi wa serikali ya Marekani katika kesi ya kifaa kiitwacho Carterfone ulilegeza katazo hilo. Kwa waliotumia vikombe, hitilafu ya kawaida ilikuwa nyepesi kuitaja: mpira haukubana vizuri, mtu akafunga mlango kwa kishindo, na herufi za ajabu zikajaa kwenye karatasi.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki waya wa nyumbani ulilaumiwa bila kosa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya watoa huduma wa kibiashara, mashirika ya Nairobi yalibadilishana barua pepe kwa mfumo wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Barua zilikusanywa, modemu ikapiga simu mara chache kwa siku, zikatumwa kwa mkupuo. Mwaka 1994 vijana wa Kenya waliosoma Marekani walianzisha Africa Online, na intaneti ya simu ikaanza kuenea mijini.

Lakini hadi mwaka 2009, pwani yetu haikuwa na kebo ya chini ya bahari ya kuiunganisha na dunia. Karibu data yote ya kimataifa ilipanda kwenye setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu, ikashuka upande wa pili, na jibu likafuata njia hiyo hiyo. Kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde, na uwezo wa setilaiti uligawanywa kwa wengi. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliweza kuona modemu yake imeunganika kwa 33,600 bila kosa lolote, na ukurasa bado ukagoma kufunguka. Kebo za TEAMS na SEACOM zilianza kuibadili hali hiyo mwaka 2009.

Radi ndiyo iliyokuwa na kosa kweli kweli. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na modemu ina milango miwili ya kuingilia radi: umeme na simu. Kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakuikingi. Waya wa simu nao lazima uchomolewe.

Je, wajua kwamba enzi hiyo haijaisha kabisa?

BT ya Uingereza ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu Septemba 2013. AOL iliifunga yake tarehe 30 Septemba 2025. Sasa zinafuata laini zenyewe: Uingereza imepanga kuuzima mtandao wa zamani wa simu mwishoni mwa Januari 2027.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu leo. Wazee wengi Uingereza huvaa kengele ya dharura shingoni au mkononi, na kengele nyingi za zamani hupiga simu kupitia waya ule ule wa shaba, kwa toni za jamii ile ile. Waya ukizimwa, taa ya kengele inaweza kuendelea kuwaka ilhali haina pa kupiga. Ikiwa una mama, mjomba au jirani huko anayeitegemea, mpigie wiki hii. Muulize kengele yake inatumia laini gani, kisha mwambie awasiliane na aliyemfungia, waijaribu kwa kuibonyeza hasa, hadi mtu wa upande wa pili ajibu.